Kurudi kwa Mlango Mdogo: Namna ya Kumsindikiza Mwigizaji Anayerejea Mbele ya Watu Baada ya Maradhi ya Akili

Gene Tierney, mwigizaji wa Hollywood, alirudi mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1958, muda mfupi baada ya kutoka katika kliniki ya magonjwa ya akili ya Menninger mjini Topeka, jimbo la Kansas, pale studio ya 20th Century Fox ilipompa nafasi kubwa katika filamu ya vichekesho. Kazi ilipoanza zikapita siku chache tu akashindwa, akarudi kliniki, na nafasi yake ikachukuliwa na Jane Wyman. Mara ya pili alionekana mwaka 1962 katika Advise & Consent, filamu ya Otto Preminger kuhusu siasa za Washington, ambamo alipewa nafasi ndogo ya mwanamke anayeandaa karamu za wakubwa, akaifanya na kuimaliza, kisha akafanya filamu nyingine chache kabla ya kuiacha sinema na kubaki nyumbani kwake Houston. Mwanamke alikuwa yule yule na kipaji kile kile. Kilichobadilika ni upana wa mlango alioingilia, na mtu aliyeushikilia.

Mwongozo huu ni wa huyo anayeshikilia mlango: meneja, dada, mume, mtayarishaji wa filamu, na wakati mwingine rafiki wa zamani ambaye ndiye pekee anayepokelewa simu. Haukuandikwa kwa mgonjwa, kwa sababu mgonjwa ana daktari wake na mambo ya tiba ni yao wawili. Lakini hakuna lolote humu linalopaswa kufanywa bila yeye kulijua na kulikubali. Mifano mingi nimeitoa Hollywood, si kwa kuwa huko walifanya vizuri kuliko sisi, bali kwa kuwa makosa yao yameandikwa na wengi wa waliohusika wamekwisha kufariki, hivyo tunaweza kuyazungumza bila kumtonesha kidonda mtu aliye hai mtaani kwetu.

Daktari kwanza, tarehe baadaye

Kosa la mwaka 1958, kama ninavyoliona mimi, lilikuwa la kalenda. Studio ilikuwa na filamu, filamu ilikuwa na ratiba, na mgonjwa akapimwa kwa ratiba hiyo. Kwa hiyo kabla hamjamwambia mtu yeyote kwamba "anarudi", nendeni kwa daktari wake wa magonjwa ya akili, mwigizaji mwenyewe akiwa ameketi katikati yenu wala si nje kwenye benchi, mkaulize mambo manne. Ni muda gani sasa amekuwa akilala usiku mzima? Dawa zake zimetulia katika kipimo kimoja, au bado zinabadilishwa? Kumbukumbu yake ikoje? Na mara ya mwisho alipoanza kuugua, dalili ya kwanza ilikuwa ipi, na ni nani aliyeiona?

Swali la usingizi linawagusa moja kwa moja watu wa filamu, kwa kuwa kazi yetu hula usiku. Nyumba imekodiwa kwa siku mbili, taa zimelipiwa, jenereta inanguruma, na mwongozaji anataka sini tano kabla ya alfajiri. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, ule ambao wengi sasa huuita baipola, kukesha ni miongoni mwa mambo yanayojulikana kuamsha ugonjwa upya. Katika kazi yake ya kwanza baada ya kuugua, basi, asipangiwe sini za usiku hata moja, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba badala ya kuachwa kama fadhila ya mwongozaji, maana fadhila huisha saa nne usiku.

Kuhusu dawa, yapo mambo ambayo mtu wa lokesheni anapaswa kuyajua hata kama si tabibu. Baadhi ya wagonjwa hutumia lithiamu, dawa ambayo kiwango chake katika damu hupanda na kuwa hatari mwili unapopungukiwa na maji. Na dawa za maumivu kama ibuprofeni, ambazo watu wa seti hugawiana kama peremende, zinaweza kukipandisha vilevile. Mchana kutwa kwenye mchanga wa Bagamoyo bila kivuli si jambo dogo kwa mtu kama huyo. Maji yawepo, kivuli kiwepo, na asipewe kidonge chochote na mtu wa vipodozi au dereva kabla daktari wake hajaulizwa. Dawa hiyo hiyo huweza kuitetemesha mikono kidogo, na hapo mwongozaji mwenye busara atapunguza sini za kumimina chai mbele ya kamera iliyosogezwa karibu. Dawa nyingine huongeza uzito. Mshonaji apime upya, asimletee nguo za filamu iliyopita na kumwacha ahangaike na zipu mbele ya watu, na asitokee mtu, hata kwa nia njema, wa kumshauri aache dawa ili "apungue kidogo kwa ajili ya bango".

Kumbukumbu inataka maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndiyo zana ya kazi. Kabla ya Topeka, Tierney alikuwa amelazwa katika Institute of Living huko Hartford, Connecticut, ambako alipewa tiba ya umeme mara 27, na baadaye alisema wazi kwamba tiba hiyo ilimfutia sehemu kubwa za kumbukumbu zake, akawa mpinzani wake mkubwa. Tiba hiyo siku hizi hutolewa mgonjwa akiwa amepewa dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli, na iko iliyowaokoa watu wenye sonona kali ambayo dawa ziliishindwa. Hata hivyo kusahau mambo ya kipindi kile cha ugonjwa kunabaki kuwa athari inayojulikana. Haiwahusu ninyi kuhukumu alitibiwaje. Kinachowahusu ni kupima kwa upole: mpeni kurasa mbili za mswada siku ya Ijumaa, kutaneni Jumatatu, msome pamoja kama watu wanaopitia kazi, si kama mtahini na mtahiniwa. Maneno yasipokaa, sini ikatwe vipande vifupi, au maneno yaandikwe kwenye ubao nyuma ya kamera. Wakongwe wengi wasiowahi kuugua hufanya hivyo, na hakuna mtazamaji aliyewahi kudai nauli yake.

Humphrey Bogart alitoa somo la jambo hili bila kujiita mwalimu. Walipoigiza pamoja katika filamu iliyotoka mwaka 1955, Tierney alikuwa tayari anaumwa na maneno yalikuwa yakimponyoka. Bogart alikuwa na dada aliyeugua maradhi ya akili, hivyo aliitambua hali ile mapema kuliko wengine seti nzima. Akawa anamrushia maneno yake yanapompotea, na akamhimiza atafute tiba. Mtafuteni mtu wa namna hiyo kwenye orodha ya waigizaji kabla hamjasaini chochote. Mwigizaji mwenza mwenye subira ni bora kuliko trela lenye kiyoyozi.

Kazi ya katikati

Kati ya wodi na kamera panahitajika kituo. Wakati wa kutoka Menninger, Tierney alifanya kazi katika duka la nguo mjini Topeka, kama hatua ya kuzoea tena kuishi na watu: kufika kwa saa, kumhudumia mteja, kurudi nyumbani amechoka uchovu wa kawaida. Wazo lilikuwa jema. Lililoharibika ni kwamba mteja mmoja alimtambua, na magazeti yakaandika kwa vichwa vikubwa kuhusu nyota aliyeishia kuuza magauni, kana kwamba kuuza magauni ni adhabu.

Kwa zama hizi za simu, mwigizaji anayejulikana hatamaliza saa moja dukani Kariakoo bila kupigwa picha. Kwetu kuna njia ambayo Topeka haikuwa nayo kwa urahisi huu, nayo ni sauti bila sura. Mchezo wa redio, usomaji wa hadithi, kutia sauti katika tamthilia zinazotafsiriwa: kazi hizi zina mswada mkononi, zina saa zinazojulikana, hazina vipodozi, na akikosea neno husema tena. Miezi mitatu ya kazi ya namna hiyo, bila jina lake kutangazwa, itawaambia kama anaweza kuamka na kufika kazini siku nne mfululizo, na hilo ndilo swali lenyewe. Habari ya kama bado anaweza kuigiza haikuwahi kuwa swali.

Kuchagua nafasi

Hapa ndipo watu wa soko watakapowashambulia. Watasema arudi kwa kishindo, apewe filamu nzima, na ikiwezekana aigize mwanamke aliyeugua akili, kwa kuwa watu watajaa kuona. Kataeni yote matatu, na la mwisho mlikatae mara mbili. Kumpa mtu aliyetoka wodini kazi ya kulia wodini mbele ya kamera, sini moja mara kumi na mbili, ni kumrudisha huko bila daktari.

Nafasi ya mwaka 1962 iwe kipimo chenu. Ilikuwa ya siku chache kuliko ile ya kwanza, katika filamu yenye waigizaji wengi wakubwa, ambayo isingesimama wala kuanguka kwa sababu yake. Mwongozaji alikuwa mtu aliyemjua vizuri: Preminger ndiye aliyemwongoza mwaka 1944 katika Laura, filamu iliyompa jina, na walikuwa wamefanya kazi pamoja tena baada ya hapo. Preminger alisifika kwa ukali, sitamfanya malaika. Lakini kumjua mtu mkali kunachosha kidogo kuliko kujifunza mpole mgeni. Na Tierney mwenyewe hakuwa tena anaishi hotelini. Alikuwa ameolewa na W. Howard Lee mwaka 1960, ana nyumba Texas, na mshahara wa filamu haukuwa ndio mkate wake. Hili la mwisho si kila mtu atalipata, nami sitaki kulipita kama ni jambo jepesi. Mwigizaji mwenye kodi ya miezi mitano na watoto wawili shuleni atasema "niko tayari" kabla hajawa tayari, na daktari ataamini. Kama kuna fedha ya kuchangisha, ichangishwe ya kulipa kodi hiyo, kimya kimya, kabla ya kuchangisha ya kuandaa tafrija ya kumpokea.

Umbali nao utazamwe. Miaka kadhaa kabla ya kulazwa kwake, wakati matatizo ya kukaza fikra yalikuwa yamekwisha kuanza, nafasi ya Tierney katika Mogambo ilikwenda kwa Grace Kelly; filamu hiyo ilipigwa huku kwetu, Kenya, Tanganyika na Uganda, kwenye mahema na joto, majuma kwa majuma. Anayetibiwa Dodoma au Nairobi asiende kuanzia kazi kisiwani ambako daktari wake hapatikani hata kwa simu.

Mkataba uwe na kifungu cha kujitoa bila faini daktari akiandika kwamba inabidi, na mtayarishaji awe na mtu wa akiba anayejua maneno. Wengine huona kumwandaa mtu wa akiba ni kumtia mkosi mgonjwa. Kwa maoni yangu ni kumpumzisha, kwa sababu kinachomlaza macho si sini ya kesho, bali watu arobaini watakaokosa posho akishindwa.

Nani aseme, na aseme nini

Jina la ugonjwa ni mali ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zote mbili zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na hata kama zisingekuwepo, adabu ingetosha. Anaweza kusema yote, kusema nusu, au kutosema lolote, na kila mojawapo ni njia halali. Asichoweza kufanya ni kuanza na njia moja na kumalizia na nyingine kwa sababu mwandishi alimbana. Hivyo uamuzi ufanyike mapema, nyumbani, na uandikwe.

Akichagua kusema kidogo, maneno yanaweza kuwa haya: "Nimekuwa mgonjwa, nimetibiwa, na ninaendelea na matibabu. Ninawashukuru mlionisubiri. Mwezi ujao mtaniona katika kazi mpya, na ningependa tuzungumzie kazi hiyo." Akichagua kusema zaidi: "Mwaka jana niliugua sonona. Nililazwa, ninatumia dawa, na daktari wangu anajua kwamba nimerudi kazini. Maswali ya kazi nitayajibu. Maswali ya wodini sitayajibu." Angalieni kwamba hakuna mahali palipoandikwa "nimepona kabisa". Msiliandike neno hilo kamwe. Maradhi mengi ya akili huenda na kurudi, na siku yatakaporudi, aliyetangaza kwamba amepona kabisa ataitwa mwongo wakati hana nguvu za kujitetea.

Uchaguzi wa maneno mengine nao una uzito wake. "Sonona" sasa inaeleweka Tanzania; Kenya wengi watasema "mfadhaiko". "Msongo wa mawazo" ni jambo jingine, ni hali inayompata kila mwenye deni, na kuutumia kuficha ugonjwa kutawafanya wasomaji waulize kwa nini mtu alazwe miezi minne kwa sababu ya msongo. "Kichaa", "chizi", "mwehu" na "amechanganyikiwa" yasitoke kinywani mwa mtu wa timu yenu hata kwa utani. Jina la hospitali halihitajiki. Mirembe ya Dodoma na Mathari ya Nairobi ni hospitali zenye madaktari na wauguzi wanaofanya kazi ya kuheshimika, lakini midomo ya watu imeyageuza majina hayo kuwa matusi ya mtaani, na tangazo la kurudi kazini si mahali pa kupigania vita hivyo.

Watakuwepo watakaosema amerogwa, au ana jini, au amelipia umaarufu kwa akili yake. Msijibu. Familia nyingi zitakuwa zimepita pia kwa shehe au kwa mchungaji, na hilo ni haki yao. Langu ni moja tu, kwamba kamera isiandamane nao. Video ya mtu akiombewa huku amepiga magoti na nywele zimetimka haizeeki. Itatolewa kabatini kila filamu yake inapotoka, hadi wajukuu waione.

Anayetaka kuona jambo hili lilivyofanywa kwa utulivu amtazame Deepika Padukone wa India, ambaye filamu zake huku kwetu zinajulikana. Aliugua sonona mwaka 2014, akatibiwa, na Januari mwaka uliofuata ndipo alipozungumza, kwanza na gazeti, baadaye kwenye televisheni akiwa na mama yake na wataalamu waliomhudumia. Wakati anazungumza tayari alikuwa kazini. Hakuutumia ugonjwa kuombea kazi, wala kazi haikutumika kuukanusha ugonjwa.

Mahojiano ya kwanza

Novemba 2016, Shelley Duvall, ambaye alikuwa hajaonekana katika filamu tangu mwaka 2002, alihojiwa katika kipindi cha televisheni cha Dr. Phil. Hakuwa amerudi, alikuwa anaumwa, na alionyeshwa akiumwa. Watu wengi, akiwemo binti wa Stanley Kubrick, mwongozaji aliyemwigizisha katika The Shining, walikilaumu kipindi hicho kwa kumtembeza mgonjwa mbele ya watazamaji. Miaka michache baadaye, mwaka 2021, mwandishi mmoja wa jarida alimfuata Texas alikoishi, akazungumza naye akiwa ndani ya gari lake mwenyewe, kuhusu kazi aliyoifanya na miaka aliyoifanyia. Na mwaka 2023 ilionyeshwa filamu ndogo ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho kwake. Alifariki Julai 2024. Mahojiano ya pili yalimwonyesha mtu. Tofauti haikuwa katika maswali peke yake, ilikuwa katika kiti: nani ameketi pa nani, na nani anaweza kuinuka akaondoka.

Basi mahojiano ya kwanza yarekodiwe, yasirushwe mubashara. Yafanyike mahali ambapo mwigizaji ndiye mwenyeji, lakini si chumbani kwake, kwa sababu kamera ikiingia chumbani itatafuta vidonge mezani. Mwandishi awe mtu anayejua filamu na aliyewahi kuzitazama za kwake. Mambo yasiyoulizwa yaorodheshwe kwa maandishi na yasainiwe. Kiwepo kitu cha kuashiria, kama kunywa maji mara mbili mfululizo, ambacho mkikiona mnasimamisha kurekodi kwa kisingizio chochote kile, hata cha betri. Fedha ya kusimulia ugonjwa isipokelewe, kwa sababu anayelipa hununua machozi, na asipoyapata atayatafuta. Mkipewa nafasi ya kuyatazama kabla hayajatoka, akae yeye na mtu mmoja tu, si ukoo mzima.

Na kama wewe unayesoma ndiye mwandishi, kuna jambo moja la kwako. Mwishoni mwa mwaka 1957 maisha ya Tierney yalikuwa hatarini, na ni siku hizo ndipo alipopelekwa Topeka. Zipo makala nyingi zinazoeleza tukio lenyewe, mahali, namna na dakika. Mimi naliacha, na ninakuomba uliache katika habari za mwigizaji wako pia, kwa sababu wapo wasomaji ambao maelezo ya namna huwafunza, na wanaosoma habari za mtu huyu kwa makini kuliko wengine ni wale wanaoumwa kama yeye. Andika kwamba maisha yake yalikuwa hatarini. Inatosha, na ni kweli.

Siku ya uzinduzi

Afike mapema kabla ya umati, apite mlango wa pembeni, akae karibu na njia, aondoke taa hazijawashwa. Avae alichokwisha kukivaa mara moja kabla, ili asipambane na kiatu. Simu yake ishikwe na mtu mwingine kwa wiki mbili, naye aelezwe mema yaliyosemwa bila kuongezewa chumvi. Tafrija si lazima.

Ugonjwa ukirudi

Andaeni siku hiyo akiwa mzima. Akae na daktari na mtu mmoja anayeishi naye, waandike dalili zake za mwanzo kwa lugha ya nyumbani: anaacha kupika, anapiga simu saa tisa usiku, ananunua vitambaa ambavyo hatavishona, anasema sana, hasemi kabisa. Chini yake liandikwe jina la atakayempigia daktari bila kuitisha kikao. Karatasi hiyo iwe na nakala kwa mtayarishaji msaidizi, ikiwa yeye mwenyewe ameridhia, kwa kuwa watu wa seti ndio watakaokuwa naye saa kumi kwa siku.

Tangazo nalo liwe limekwisha kuandikwa, sentensi mbili, na lisiwe na neno "kwa masikitiko". Kwa mfano: "Fulani amejitoa katika filamu hii kwa ushauri wa daktari wake. Kazi inaendelea, na tutafurahi kufanya naye nyingine." Tierney alipojitoa mwaka 1958 wengi walidhani hadithi imekwisha, kumbe kurudi kliniki ndiko kulikoifanya 1962 iwezekane. Kama angeng'ang'ania kumaliza ile filamu ya vichekesho ili kuwaridhisha wenye studio, sidhani kama Preminger angekuwa na mtu wa kumpigia simu.

Asipotaka kurudi tena kabisa, hilo nalo likubaliwe. Baada ya filamu ya mwaka 1964 Tierney alibaki nyumbani kwake Houston, akaonekana mara chache kwenye televisheni, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumdai zaidi.

Kumbukumbu zake kwa sauti yake

Hili hufanywa mwisho, lakini lisisahauliwe. Frances Farmer, mwigizaji mwingine wa Hollywood, aliyetoka hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1950, alirejea mbele ya watu mwaka 1958 katika kipindi cha televisheni cha This Is Your Life, ambako mtangazaji alimtajia uvumi wa ulevi na ugonjwa mbele ya nchi nzima; baada ya hapo akapata kazi ya kutambulisha filamu za mchana katika kituo cha televisheni cha Indianapolis, kazi aliyoifanya kwa miaka 6. Alifariki mwaka 1970. Mwaka 1978 kilitoka kitabu kilichodai kwamba hospitalini alipasuliwa ubongo, na mwaka 1982 filamu ikaonyesha hivyo. Katika kesi ya haki miliki iliyofuata ikabainika kwamba sehemu za kitabu hicho zilikuwa za kubuni, lakini kufikia hapo waliosikia uvumi walikuwa wengi kuliko watakaosoma hukumu, na mwenyewe hakuwepo kusema alichofanyiwa na asichofanyiwa.

Tierney alisubiri hadi mwaka 1979 ndipo akatoa kitabu cha maisha yake, akimtaja binti yake Daria aliyezaliwa na ulemavu mwaka 1943 baada ya yeye kuambukizwa rubela akiwa mjamzito, akataja hospitali, akataja tiba ya umeme, akamtaja Bogart na wema wake. Mengi niliyoyasimulia hapa kumhusu yanajulikana kwa sababu aliyasema mwenyewe. Mwigizaji wenu si lazima aandike kitabu. Akiwa na mwaka mzima wa afya njema, akae siku mbili tatu na mtu anayemwamini, aseme mbele ya kinasa sauti aliugua nini, alitibiwa vipi, nani alimsaidia na ni yapi ambayo hayakutokea. Nakala moja ihifadhiwe kwa mwanasheria, nyingine kwa mtu atakayemchagua mwenyewe, na ni vizuri mtu huyo asiwe meneja.